Mazombi wa Kasikeu Walipoitikia Salamu

Vijana wangu wa studio, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudishe vifaa na kuja nyumbani Kasikeu kulisha kuku, haipiti wiki bila mmoja wenu kunipigia simu: Mzee Kioko, tuandikie habari za kazi. Haya, nimekaa. Za kupandishwa cheo sitaandika, kwa sababu kazi ya sauti haina cheo. Ukianza wewe ni mtu wa sauti, na ukizeeka wewe ni mtu wa sauti mwenye mgongo unaouma. Za mshahara pia niachieni, tusiharibiane siku. Najua mnataka habari za ile filamu ya mazombi, nguvu zake na aibu zake, na nitafika huko. Ila mtu wa sauti hajui kuanza katikati.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika kanisa moja mjini Kitui. Mwalimu wangu, Mzee Nzuki, alikuwa mtu mfupi mwenye hasira za karibu, na kinasa sauti chake cha kaseti kilishikiliwa na mpira wa baiskeli. Kwaya ilipomaliza kuimba, nikaanza kukunja nyaya. Mzee Nzuki akanipiga kofi mkononi. Akawaambia wanakwaya wakae vilevile, wasikohoe, wasisogeze hata kiti, kisha akabonyeza kitufe na kunasa kimya. Mchungaji akanyata hadi kwetu.

"Mashine imeharibika?"

"Iko sawa. Nachukua sauti ya nyumba."

"Lakini hakuna mtu anaongea."

"Ndiyo hiyo nachukua," Mzee Nzuki akasema, na mchungaji akarudi kwenye kiti chake akitutazama kama watu wa kuombewa.

Baadaye alinieleza. Kila nyumba ina sauti yake hata ikiwa haina mtu: mabati yakipata joto, upepo kwenye ufa wa dirisha, mdudu anayetafuna boriti. Ukiondoa kikohozi cha mtu kwenye kanda na usiweke kitu mahali pake, msikilizaji atasikia shimo. Unaziba shimo lile kwa sauti ya nyumba. Tangu siku hiyo, arusi au mazishi, sijawahi kuondoka mahali kabla ya kuwanyamazisha watu na kunasa utupu wao. Wengi walidhani nasali, nami sikuwasahihisha kwa kuwa walikuwa wakiniletea chai.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kujitengenezea. Kipaza sauti nilikivika soksi ya sufu ya mtoto mchanga ili upepo usivume ndani yake. Mti wa kukining'iniza juu ya vichwa vya watu ulikuwa mlingoti wa katani, mrefu na mwepesi, na mchwa waliupenda kama mimi nilivyoupenda. Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini ile ya Mbooni inanichekesha hadi leo. Arusi ilikuwa kwenye mteremko, na jirani alikuwa ametenganisha ng'ombe na ndama asubuhi hiyo. Bibi arusi alipoulizwa kama anamkubali bwana, ng'ombe ndiye aliyejibu. Kwenye kanda hakuna sauti nyingine inayosikika. Ndoa bado ipo, kwa hiyo nadhani ng'ombe alisema kweli.

Sasa filamu. Syombua mnamjua, ndiye anayewapa kazi leo. Siku hizo alikuwa ametoka kusomea mambo ya kamera Nairobi, akawa anatupigia video za nyimbo za injili, zile za watu kutembea polepole kando ya maua. Siku moja akaweka kamera chini na kusema amechoka na maua. Alitaka kutengeneza filamu ya kutisha. Ugonjwa usiojulikana umemaliza watu duniani, wafu wameamka na wanatembea, na bibi mmoja mzee amebaki peke yake, anazunguka Ukambani nyumba kwa nyumba akitafuta mtu aliye hai. Ataiita "Waliobaki Kasikeu." Nikamwambia kwa hadithi hiyo jina lina watu wengi mno.

Shida ilikuwa baba yake. Mwinjilisti Muthiani ana duka la dawa za mifugo na mbegu pale Salama, na Jumapili huhubiri Kasikeu. Mahubiri yake anayoyapenda ni ya mwisho wa dunia. Anayahubiri vizuri hadi akina mama wakitoka huenda kuwatembelea watu waliogombana nao kabla jua halijatua. Aliposikia habari za mazombi alikuja studio, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Syombua, siku ya mwisho si ya kufanyia mchezo."

"Si mchezo, baba. Nataka watu waogope vile wanaogopa ukihubiri."

Mzee akafikiri. Nadhani lilimpendeza kidogo, lakini hakulionyesha.

"Malizeni," akasema. "Mkimaliza mtaonyesha kwa holi ya kanisa, na mimi nitakaa mbele. Nikiona mmechezea siku ya Mungu, nitasimama. Nikisimama, hiyo kitu inazimwa, na wewe unaacha hii kazi, unakuja kunisaidia duka. Umekubali?"

"Nimekubali, baba."

Alikubali mbele yangu na mbele ya mpiga picha wetu, na kwetu neno ulilompa mzazi mbele ya watu halirudi nyuma. Baba alipoondoka nilimwona Syombua akiishika kamera kwa mikono miwili. Nilimpenda yule msichana kama wangu, na kusema kweli niliogopa.

Tukaanza kazi mwishoni mwa kiangazi. Syombua alikuwa na wasiwasi wa mandhari: tutapata wapi dunia iliyokwisha? Tukaweka kamera kwenye mto wa Kasikeu, ambao mwezi huo ni mchanga mtupu. Punda alikuwa amekufa ng'ambo. Akina mama walikuwa wamechimba mashimo mchangani na kuteka maji kwa kikombe. Hatukuhamisha hata jiwe. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake akasimama kutuangalia.

"Mnapiga picha ya nini?"

"Dunia imeisha, mzee," Syombua akamwambia.

Yule mzee akaangalia mto huku na huku. "Imeisha lini?"

Huo ndio udhaifu wa kwanza wa filamu yetu, kwamba mtazamaji wa hapa hajui mkasa umeanza lini. Wa Nairobi waliitazama wakasifu mandhari ya kutisha. Watu wa kwetu waliulizana punda ni wa nani.

Halafu kulikuwa na barabara kuu tupu. Filamu za mwisho wa dunia lazima ziwe na barabara kuu tupu, Syombua alisema, na yeye ndiye aliyesoma. Tukaenda Salama, ambako barabara kuu inapita. Kama mmewahi kusimama Salama mnajua malori hayana mwisho wala dunia haina. Tulingoja hadi jua likatuunguza masikio. Nafasi ikapatikana mara moja tu, na Mama Kaluki, mhusika wetu mkuu, mwalimu mstaafu mwenye uso wa huzuni ya kuzaliwa, akashika barabara akiwa mtu wa pekee aliyebaki duniani. Mchuuzi akamkimbilia na sinia.

"Mathe, chungwa tamu, onja kwanza!"

Mama Kaluki akaonja. Hatukupata nafasi nyingine, kwa hiyo kwenye filamu utamwona akitembea katika upweke wake mkuu huku anatafuna.

Usiku wetu pia ni wa kutilia shaka. Taa hatukuwa nazo, tukapiga picha zote za usiku saa za mchana na Syombua akaugeuza mchana huo kuwa usiku wa buluu kwenye kompyuta. Umegeuka vizuri kabisa, isipokuwa kuku wanaodonoa chini ya mwezi. Mmoja wao, nasikitika kusema, ni wangu.

Mazombi walikuwa akina mama wa kikundi cha mwethya, wale wanaosaidiana kwa zamu kulima na kuchimba matuta ya shamba. Tuliwapaka majivu na udongo mwekundu, wakatisha kweli. Lakini kuwapaka ni jambo moja na kuwafanya wabaya ni jingine. Zombi mmoja akianguka, mwenzake alimwinua na kumpangusa. Wakimkimbiza mtu, walingojana. Na hawakuweza kukaa bure. Tulipokuwa tukibadilisha betri, wafu wale waliona tuta la shamba limebomoka, wakachukua majembe na kulitengeneza. Mkitazama sehemu ya kukimbizana, mwanzoni Mama Kaluki anaruka tuta lililobomoka, na anapogeuka nyuma tuta ni zuri, limenyooka, na lina mfereji.

Baya kuliko yote lilikuwa salamu. Kwenye hadithi, Mama Kaluki anakata kona ghafla, anakutana na wafu uso kwa uso, anapiga mayowe. Kamera ikaanza. Mama Kaluki akakata kona, akawaona, akasimama.

"Mwi aseo?" akawauliza, kama tunavyoulizana kwetu hali za wote.

"Tui aseo!" wafu wakaitikia kwa pamoja, sisi wazima.

"Kata!" Syombua akalia. "Mama Kaluki, hawa wamekufa!"

"Si nimejua wamekufa. Lakini wengine hapa ni wakubwa wangu. Nitawapita aje bila kuwasalimia?"

Tukarudia. Safari hii Mama Kaluki alijizuia, midomo ameibana, lakini kichwa kikamsaliti kikainama kidogo, na wale wafu wakaitikia hata kile kichwa. Tulirudia hadi majivu yakawaisha usoni. Mwishowe tulichukua tuliyonayo, nami nikafuta sauti zao na kuweka mngurumo. Mngurumo ule ni kinu cha posho cha jirani kikiwashwa, nimeupunguza mwendo. Ni mzuri sana. Ila midomo sikuweza kuifuta, na kila anayejua Kikamba anaisoma.

Kisha mvua. Hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya, maana asingekuwa na shamba. Tulipanga kazi iendelee hadi Novemba, sisi sote wana wa Ukambani, tukijua vizuri Novemba ni nini. Mvua ya kwanza ilipiga mabati tukilala, na asubuhi mahali pa kupigia picha palikuwa patupu. Mazombi walikuwa wanapanda ndengu. Mpiga picha alikuwa nyuma ya jembe la ng'ombe. Kyalo, kijana wetu wa kinanda aliyepaswa kutunga muziki wote, alikuwa Mbooni anapanda mahindi. Syombua aliitwa na baba yake kushika mbegu. Mimi nami sikwenda kumlaumu mtu, nilikuwa nimeinama shambani kwangu.

Tuliporudi, mwisho wa dunia ulikuwa umechipua. Majani yalifika magotini na vipepeo walikuwa wengi kuliko wafu. Kwenye filamu, Mama Kaluki anaingia kichaka kikavu na kutokea upande wa pili kwenye maua. Kijana mmoja wa Nairobi aliandika mtandaoni kwamba hiyo ni ishara ya matumaini iliyowekwa kwa ustadi. Tulimshukuru.

Nguvu ya filamu, kama mnaniuliza mimi, ni masikio yake, na sisemi hivyo kwa kujisifu tu. Mtu hufumba macho akiogopa, lakini masikio hayana kifuniko. Nilifanyia kazi jikoni kwangu. Shingo inayovunjika ni muwa. Nyama inayoraruliwa ni kabeji. Nyayo za wafu ni mkono wangu kwenye sufuria ya muthokoi uliochemshwa, yaani mahindi yetu yaliyokobolewa. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Hiyo ni chakula ya jioni."

"Najua."

"Basi nawa mikono kwanza ndiyo uwe zombi."

Tuliula jioni, kila mmoja akikitazama kijiko kwanza.

Ikabaki sehemu ya mwisho. Bibi anafika nyumbani kwa kaka yake, tumaini lake la mwisho, anasimama langoni na kuita. Hapo kinanda kilie, mlango ufunguke, wafu wamtokee. Nyumba hatukuitengeneza. Juu ya mto kuna boma la mzee Musyoka. Yeye na mkewe tulishawazika, watoto wako mijini, lango limefungwa kwa waya. Tulifika na kamera, lakini mazombi hawakufika. Ndengu zilikuwa zimeota na ilikuwa zamu ya palizi ya mmoja wao. Kyalo nikampigia simu.

"Mzee, nipee tu kidogo nimalize kupalilia."

Basi tukampiga picha Mama Kaluki peke yake na lango. Akaweka chini kiondo, kikapu chake, akasalimu, akangoja, akasalimu tena. Tulipomaliza niliwaambia wote wanyamaze, nikanasa sauti ya nyumba kama Mzee Nzuki alivyonifundisha. Bati moja lililolegea. Nyuki kwenye tangi la maji lisilo na maji.

Tukiunganisha picha, Syombua alilia. "Hakuna kitu hapa, Mzee Kioko. Ni mama tu anasalimia nyumba. Baba atasimama." Muziki haukuwepo, wafu hawakuwepo, na yeye alikuwa ameshamwahidi baba yake kuionyesha Jumamosi. Nikatandaza ile sauti ya boma chini ya picha kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo. Yule kijana wa Nairobi amesifu ujasiri wetu wa kuukataa muziki. Kyalo amesoma na amefurahi.

Jumamosi mchana holi ilijaa hadi kwenye madirisha, ambayo tulikuwa tumeyaziba kwa magunia. Mwinjilisti Muthiani alikaa mbele, kofia gotini, na duka lake la Salama ni kama lilikuwa limekaa kando yake. Kicheko kilianza kwa punda. Kikaongezeka kwa chungwa. Tuta lilipojitengeneza, akina mama wa mwethya walijipigia makofi. Wafu walipotikisa midomo, holi nzima iliitikia "Tui aseo!" na watu wakagongana mabega kwa kucheka. Wengine wakamtazama Syombua kwa huruma, na huruma ndiyo iliyouma zaidi. Alikuwa amesimama pembeni, karibu na kompyuta, akijifanya anashughulika na waya.

Mwinjilisti hakucheka hata mara moja. Akaitoa kofia gotini na kuiweka kwenye benchi. Mtu anayetaka kusimama hufanya hivyo.

Kwenye ukuta tuliokuwa tukirushia picha, Mama Kaluki akafika kwenye lango la waya. Akaweka kiondo chini.

"Mwi aseo?"

Bati likalia kidogo. Nyuki. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka akaacha, kwa kuwa hakuna aliyemsaidia. Mama Kaluki alikuwa akingoja, kama mtu anavyongoja langoni kwa watu, kichwa kimeinama upande wa sikio. Hapo Mwinjilisti akasimama. Kivuli chake kikaangukia ukutani. Syombua alimwona, akanyoosha mkono kwenye kompyuta ili azime mwenyewe.

"Mwi aseo?" Mama Kaluki akauliza tena.

"Tui aseo," Mwinjilisti akasema. "Karibu, mama."

Hakusema kwa sauti ya mimbarini. Alisema kama mtu aliyekuwa ameketi ndani ya nyumba ile. Kisha nadhani aliisikia sauti yake mwenyewe, maana alishika mgongo wa benchi. Hakuna aliyecheka. Mkono wa Syombua ulibaki hewani. Ukutani Mama Kaluki alingoja jibu ambalo yeye hakulisikia, akaokota kiondo chake, akaenda. Nimenasa kimya kingi maishani mwangu, lakini kile cha holi ya Kasikeu sikukinasa, nilikuwa nafuta macho.

Watu walitoka bila zile kelele za kutoka. Mwinjilisti alibaki. Syombua akakunja waya uliokuwa tayari umekunjwa.

"Hiyo boma ni ya Musyoka."

"Ndiyo, baba."

"Mimi hupita hapo kila Jumapili nikienda kuhubiri," akasema. "Sikuwahi kusimama nisalimie."

Mzee akachukua kofia yake, akaikung'uta, akaenda hadi mlangoni na kugeuka.

"Jumatatu nitafungua duka mimi mwenyewe."

Msichana akafungua mdomo na sauti haikutoka. Baba yake hakuondoka. Alisimama pale mlangoni na kofia yake, akingoja, kichwa kimeinama upande wa sikio, mpaka Syombua alipopata sauti na kumwitikia, "Haya, baba," ndipo akatoka.